Wifi na Meno ya Juu

Kaka yangu alipooa mtu wa Usangi, habari mbili zilifika nyumbani kwetu Mhezi, juu milimani Upareni, siku moja: kwamba bibi harusi amesoma mpaka chuo kikuu, na kwamba kazi yake ni kukusanya damu za watoto. Ya kwanza mama aliitangaza kanisani. Ya pili aliikalia, maana mama yangu ni Mlutheri wa kuheshimika na hakutaka watu waanze kuuliza damu hizo zinapelekwa wapi.

Mimi nilijiandaa kutompenda. Wifi ni wifi, na huyu alikuwa na kila kitu cha kuudhi: kimo, elimu, na mwendo wa mtu anayejua anakokwenda. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi huku chini tambarare, jirani na shamba la mkonge, na nyumba yangu ilikuwa kando ya barabara kuu iendayo Same. Mume wangu, aliyetoka kusini kufuata kazi ya mkonge, alikuwa fundi wa mashine kiwandani. Kwa hiyo kila mara wifi alipopita na gari lake la utafiti, pikapu iliyochoka kama sisi wenyewe miaka ile, alisimama kwangu kula. Alikula makande mabakuli mawili, akalamba kijiko, akasema kaka yangu hajui kuyapika. Ni kazi ngumu kumchukia mtu anayekula chakula chako namna hiyo, na mimi ilinishinda mapema.

Ilikuwa miaka ya dhiki. Sukari ilikuwa tetesi. Tulikula unga wa njano wa msaada, na ukitaka mche wa sabuni ulimtuma mtu anayekwenda upande wa Ziwa Jipe, avuke mpaka kimyakimya na kurudi nao chini ya samaki. Katika hali hiyo wifi yangu alikuwa akitafuta kirusi.

Alinieleza mezani, taratibu, kana kwamba mimi ni mwanafunzi wa darasa la tatu, na nikamwambia hivyo. Akacheka, akaanza upya. Kuna saratani inayoshika taya za watoto, alisema, watoto wa miaka mitano, sita, saba. Inakua kwa kasi ya kutisha. Shavu linavimba, jicho linasukumwa, mtoto anakwisha. Inawapata watoto wa tambarare, kwenye joto na mbu. Huko juu Mhezi na Chome ni nadra kuisikia. Ndani ya seli za uvimbe huo kuna kirusi. Lakini kirusi hichohicho kimo katika damu ya karibu kila mtoto, wa juu na wa chini, kimelala tu. Sasa huku chini kinaamshwa na nini? Yeye alishuku malaria, ile inayomrudia mtoto kila mara mpaka kinga ya mwili inachoka. Ndiyo maana alichukua damu za watoto wa mlimani na za watoto wa tambarare, azilinganishe.

Damu ilitakiwa kukaa kwenye baridi, na friji ya zahanati ilitumia mafuta ya taa, na mafuta ya taa hayakuwapo. Nilimwona kwa macho yangu akitoa gauni lake la kitambaa kizuri kwa mke wa mfanyabiashara mmoja wa Same ili apewe dumu la mafuta. Gauni hilo nilikuwa nimelitamani mimi. Sikumsamehe upesi.

Kikwazo chake kikubwa, hata hivyo, hakikuwa baridi. Kilikuwa bibi zetu. Dawa ya kuuyeyusha uvimbe ilikuwapo. Wenzake wa ng'ambo walimpatia kwa ajili ya watoto wa utafiti. Lakini ilifaa zaidi mtoto akiletwa mapema, na watoto hawakuletwa mapema. Waliletwa shavu limeshafunika jicho, na kila mama aliyeulizwa ilianza lini alijibu, “Juzi.” Kumbe mara nyingi kabla shavu halijavimba, magego huwa yameanza kulegea. Na meno, kwetu Upareni, si jambo la kumwambia mgeni.

Hapa lazima niseme kitu ambacho hatupendi kukisema. Zamani mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya yale ya chini aliitwa kigego, na kigego hakuachwa aishi. Ilisemekana angewamaliza ndugu zake. Kanisa likaja, serikali ikaja, desturi ikafa. Hofu haikufa nayo. Bado bibi ndiye aliyepitisha kidole kwenye ufizi wa mjukuu kuona jino la kwanza linatokea wapi, na meno yakiota au kung'oka kwa mpangilio usioeleweka, bibi alinyamaza na nyumba nzima ikanyamaza naye. Ukimuuliza angekuambia yeye ni Mkristo, haamini upuuzi huo. Na kweli hakuamini, ila hakutaka kujaribu.

Wifi alizunguka vijijini akiwauliza bibi habari za magego ya wajukuu wao. Walimkaribisha, wakampa ndizi, wakamuuliza hali ya Usangi na bei ya kahawa. Kuhusu meno hakuambulia neno. Alirudi kwangu akatupa mkoba juu ya kiti akasema, “Wifi, hawa wazee wangefaa kutunza siri za jeshi.”

Kisha yakanifika mimi.

Nilijifungua mtoto wa pili mvua za masika zikiwa zimeanza, na mama akashuka kutoka Mhezi kuja kunihudumia, kama ilivyo ada. Mzazi kwetu hukaa ndani. Hapiki, hachoti maji, hashiki ufagio. Nyumba inakuwa ya bibi. Binti yangu wa kwanza, aliyekuwa katika mwaka wake wa sita, alihamia chumba cha bibi yake, nami niliyelala na kichanga nikawa namsikia tu akicheka uani. Halafu nikawa simsikii. Mama akasema ana matubwitubwi, asije akamwambukiza mdogo wake. Mume wangu naye alijibiwa hivyohivyo, na kwa jinsi alivyomheshimu mkwewe, hakuuliza mara ya pili.

Hayakuwa matubwitubwi. Gego la chini lilikuwa limelegea, mama akaling'oa kwa uzi na kulifukia. La pili likafuata. Meno ya mbele yalikuwa imara, hakuna hata moja lililotikisika, na mtoto anang'oka magego. Mama aliisoma habari hiyo kama alivyofundishwa na mama yake. Akalifunga shavu la mjukuu kwa kitambaa, akaanza kumwomba Mungu.

Wifi alikuja kumwona kichanga. Alileta mche mzima wa sabuni, na zawadi kubwa kuliko hiyo miaka ile huipati. Alipoingia ukumbini akamkuta binti yangu mapajani pa bibi yake, kitambaa shavuni, akinywa uji kwa upande mmoja wa mdomo. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa chumba. Niliuona uso wa wifi ukibadilika, nikajua kabla ya kuambiwa.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu.”

“Naomba nimtazame mtoto kinywani.”

“Ana matubwitubwi tu. Yataisha.”

“Naomba nimtazame, mama.”

Mama akaweka kiganja juu ya mdomo wa mtoto. “Kinywa cha huyu hakitazamwi na mtu,” alisema.

Mimi nilivunja ada zote za uzazi. Nilitoka na shuka langu mwilini nikampigia mama yangu kelele ambazo sikuwahi kumpigia mtu mzima yeyote. Nilimwambia ananiulia mtoto. Yeye hakupandisha sauti hata kidogo.

“Nikimfungua, jambo litatoka nje ya nyumba hii,” alisema. “Nani atamwoa? Wewe ni mwalimu, utahamishwa, utasahau. Yeye atabeba jina hilo mpaka kaburini.”

Ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa na ukatili wowote moyoni. Alikuwa akimlinda mjukuu wake kwa nguvu zote alizonazo, na ulinzi huo ndio ungemwua. Hasira yangu haikupungua kwa kuelewa hivyo. Nilitaka kumpokonya mtoto, lakini alikuwa amemkumbatia, na mtoto mwenyewe alikuwa amemng'ang'ania bibi yake.

Wifi akapiga magoti sakafuni, karibu kabisa, mpaka akawa anamtazama mama machoni. Akaongea kwa Chasu, yaani Kipare chetu, kile cha Usangi ambacho siku nyingine tulikuwa tukimtania nacho.

“Mama, mimi nilianza meno ya juu.”

Mama akamvuta mtoto karibu zaidi kifuani.

“Yote mawili,” akaendelea. “Bibi yangu aliyaona kabla ya mtu mwingine. Akanifunga mgongoni akanipeleka misheni, akasema nina homa. Tukakaa huko mpaka ya chini yakaota. Ulipotuma watu Usangi kuuliza habari zangu kabla ya ndoa, hawakukudanganya. Hawakujua.”

“Na mwanangu anajua?”

“Anajua.”

“Umekaa kwangu,” mama alisema polepole. “Umekula chungu kimoja nasi. Umewabeba watoto wa nyumba yangu.”

“Ndiyo, mama. Na wote wapo hai.”

Nilijua wifi anaweka nini rehani. Kwetu mke haachwi kwa kutojua kupika, lakini kwa jambo kama lile ukoo ungeweza kuitisha kikao, na kikao cha ukoo hakina rufaa. Angeweza kunyamaza akaondoka na vichupa vyake. Mtoto alikuwa wangu, siyo wake. Nampenda kwa mambo mengi, ila kama yangefutwa yote likabaki hilo moja, lingetosha.

Mama aliyatazama meno ya wifi. Kisha akauondoa mkono. Wifi akamwambia binti yangu afungue kinywa, naye akafungua, mtoto wa watu, kana kwamba alikuwa akingoja ruhusa tu.

Tulikwenda siku ileile, pikapu ikiruka mashimo, kichanga kifuani, mpaka hospitali kubwa ambako watoto wake wa utafiti walikuwa wakilazwa. Kabla ya sindano ya kwanza alitaka kuchukua kipande kidogo cha uvimbe. Aliniomba ruhusa mara mbili, kwanza kama wifi, kisha kama mtafiti. Nikamjibu mara zote mbili kwa ukali kwamba auchukue wote.

Sindano ilimtapisha mwanangu mpaka nikatamani kuivunja. Nywele zake zikabaki kwenye mto. Wifi alimnywesha maji kikombe baada ya kikombe, akinieleza kwamba uvimbe ukiyeyuka kwa kasi taka zake huweza kuziba figo. Ukayeyuka kweli. Nilikuwa nalala mkono wangu ukiwa juu ya shavu lile, na kila kulipokucha mkono ulikuta kitu kidogo kuliko jana yake. Nimeishi kuona maduka yakijaa na shilingi ikianguka, lakini sijaona jambo la kunishangaza kuliko shavu lile kurudi kuwa shavu. Dawa ya mwisho ilipokwama bandarini, wifi alipanda lori la mkonge hadi Dar es Salaam, akaketi kwenye ofisi moja baada ya nyingine mpaka wakampa kwa kuchoka kumwona.

Binti yangu alipona. Nasema hivyo kwa ufupi kwa sababu nikirefusha nitalia.

Mama alirudi Mhezi. Kikao hakuitisha, na kwa hilo nilimshukuru. Lakini tangu siku hiyo hakumwita wifi “mwanangu” tena. Alimwita “daktari”, kwa adabu, kama anavyomwita daktari yeyote wa serikali. Sikukuu wifi alipopanda mlimani, mama alimpa kiti cha wageni. Wifi aliketi. Jikoni, ambako zamani walimenya ndizi pamoja wakisengenya watu, hakualikwa. Najua ilimuuma, maana aliponisimulia alianza kwa kicheko na hakufika nacho mwisho.

Maji yakimwagika hayazoleki, naye akaamua basi ayatumie kumwagilia shamba. Alianza kwenda kwa wale bibi waliomnyima neno, akipiga magoti na kuwaambia alianza meno ya juu. Baadhi walifunga milango. Wengine walimtazama, wakaita wajukuu. Watoto wakaanza kuja na magego yaliyolegea, mashavu bado ni mashavu. Siyo wote walioishi. Wale waliokufa aliwazungumzia kwangu mmoja mmoja, na siku hizo hakula.

Kisha ikaja ruksa ya kila mtu kufanya biashara. Sabuni zikarudi madukani za kila rangi, mitumba ikatandazwa Same sokoni mpaka kandokando ya reli, na huku kwetu mkonge ukaanguka, kiwanda kikafungwa, mume wangu akafungua gereji ya kutengeneza mashine za kusaga. Kila kitu kilipatikana, kwa aliye nacho. Hata hospitali ikaanza kudai mgonjwa achangie gharama. Wifi, ambaye alizoea kupigania kitu kisichokuwapo, sasa alipigania kitu kilichopo dirishani mwa duka la dawa, na alisema hilo la pili linachosha roho zaidi.

Wenzake wa ng'ambo walimwita akafanye nao kazi katika maabara yao. Kaka alibaki na watoto na mapishi yake mabaya. Wifi aliporudi alinionyesha picha nyeusi na nyeupe ya vitu vya mviringo vilivyokusanyika kama mbegu za ulezi.

“Hizi ni seli za ule uvimbe,” alisema. “Kile kipande ulichonipa. Bado zinaishi, ndani ya chupa.”

Nilimrudishia picha. “Unaufuga?”

“Naulisha, wifi. Sukari, na maji ya damu ya ndama.”

Binti yangu, ambaye sasa alikuwa mrefu kunipita, aliitazama picha akasema, “Zinakula vizuri kuliko nyie enzi zile.” Wifi alicheka hadi akashika meza. Mimi sikucheka. Nilimwambia amwage chupa hiyo, kitu kilichotaka kumuua mwanangu hakiwezi kulishwa sukari wakati sisi tuliitafuta sukari kwa mwanga wa taa.

Akanieleza, na safari hii hakunifanya mwanafunzi. Ndani ya kila seli ya uvimbe ule kirusi kimeacha alama yake. Yeye na wenzake wanajaribu kuingiza humo jeni, yaani agizo dogo ambalo mwili hulisoma, lakini agizo la kuamka pale tu linapoikuta alama hiyo. Likiamka, linaiamuru seli ijiue. Seli yenye afya, isiyo na alama, inaachwa salama. Katika chupa, baadhi ya seli za uvimbe wa mwanangu zimekwisha kutii.

“Kwa hiyo mmeipata dawa,” nikasema.

“Hapana. Kwenye chupa siyo kwa mtoto. Labda mimi nitazeeka kabla.” Alisema hivyo bila huzuni, akaomba kijiko kingine cha makande. Nimewajua watu wengi walioahidi makubwa miaka ile ya ruksa. Yeye nilimheshimu kwa kutoahidi.

Baada ya hapo ndipo ilipokuja siku ninayoikumbuka kuliko zote. Wifi alikuwa akipima watoto kwenye baraza ya shule yangu. Mama alikuwa ameshuka kutoka Mhezi kutibiwa macho, na alikaa pembeni akinisubiri nimalize kipindi, binti yangu karibu naye. Walikuwa wamesalimiana, yeye na daktari wake, basi.

Akaja bibi mmoja kutoka vijiji vya upande wa Jipe, Mpare mwenzetu, na mjukuu aliyefunikwa khanga mpaka puani. Wifi akamwamkia, akapiga magoti, akasema maneno yake. Yule bibi alimsikiliza mpaka mwisho kisha akatikisa kichwa.

“Unasema hivyo ili tufungue,” alisema. “Kigego hakui akawa daktari. Na mama gani atakubali mwanawe aoe kigego? Shahidi wako nani?”

Sisi Wapare tunasifika kwa kesi. Watu husema Mpare atauza ng'ombe kufuatilia kesi ya kuku. Neno lisilo na shahidi kwetu ni upepo. Na wifi hakuwa na shahidi. Bibi yake wa Usangi alikwisha kufa na siri yake. Nilikuwa nimetoka darasani na chaki mkononi, nikasimama mlangoni. Jicho moja la yule mtoto, juu ya khanga, lilikuwa limeanza kusukumwa.

Mama akasimama. Hakuwa anaona vizuri, akapapasa nguzo ya baraza, akapapasa bega la mjukuu wake, akasogea hadi mbele ya yule bibi. Watu walikuwa wengi, wakiwamo wanawake wa kwaya yake waliomsindikiza.

“Mama huyo ni mimi,” alisema. “Huyu ni mke wa mwanangu. Alianza meno ya juu, yote mawili, na yumo nyumbani kwangu kwa idhini yangu.” Akamvuta binti yangu mbele kwa mkono. “Na huyu alikuwa na shavu kama la wako. Nililifunika kwa kitambaa. Mwanangu huyu aliyepiga magoti akanitoa mkono.”

Wifi alikuwa bado amepiga magoti, ameinamisha kichwa.

“Shahidi umempata,” mama alimwambia yule bibi. “Mfungue mtoto.”

Yule bibi akamtazama mama, akamtazama wifi, akaanza kuifungua khanga.